Tippu Tip: Tajiri wa pembe za ndovu aliyebanwa na mikataba, marufuku na kesi Kisangani

Mwaka 1890, mtu aliyekuwa na nguvu kuliko wote kwenye maporomoko ya Mto Kongo, mahali ambapo leo ni mji wa Kisangani katika jimbo la Tshopo, alifunga mizigo na kuanza safari ndefu ya kurudi Zanzibar. Hakuwa ameshindwa vitani, wala hakuwa amefilisika. Alikuwa akidaiwa mahakamani, na sehemu ya fedha zake za pembe ilikuwa imezuiwa Unguja.

Mtu huyo ni Hamed bin Muhammed el Murjebi, anayejulikana zaidi kwa jina la Tippu Tip. Aliacha nyuma biashara aliyoijenga kwa zaidi ya miaka 20, na hakurudi tena kuiona. Miaka minne baadaye biashara hiyo haikuwepo.

Wengi wanamkumbuka kama mfanyabiashara wa watumwa na pembe za ndovu, na hivyo ndivyo alivyokuwa. Linalosahaulika mara nyingi ni jinsi alivyoanguka. Kabla ya majeshi kufika, alikuwa amekwisha kubanwa na mkataba mmoja, kesi moja, amri moja ya mfalme na marufuku ya kuingiza bidhaa moja tu: silaha za moto.

Leo kampuni zinazotengeneza chipu za kompyuta na simu zinapambana kwa njia zinazofanana na hizo, kwa kushitakiana kuhusu hataza na kuombeana marufuku ya forodha. Kisangani iliyaona mambo hayo mapema, ingawa bidhaa ilikuwa nyingine.

Kijana wa sandarusi

Tippu Tip alizaliwa Zanzibar karibu na mwaka 1837. Baba yake, Muhammed bin Juma, alikuwa mfanyabiashara aliyeweka makao Tabora, katika nchi ya Unyanyembe, na huko alioa katika ukoo wa Mtemi Fundikira. Mama yake alitoka katika ukoo wa Waarabu wa Maskati.

Alianza biashara akiwa na umri wa miaka 12 hivi, akifuata safari fupi za kununua sandarusi kwenye mrima wa bara. Alipofika miaka 18 alikwenda na baba yake hadi Tabora, kisha akavuka Ziwa Tanganyika. Tangu hapo hakutaka tena kufanya biashara chini ya mkono wa mtu mwingine.

Jina la Tippu Tip lina maelezo zaidi ya moja. Wapo wanaosema lilitokana na macho yake yaliyokuwa yakipepesa. Yeye mwenyewe alilihusisha na mlio wa bunduki zake. Katika vita vya Itabwa alimpiga Mtemi Nsama mwaka 1867 na kuteka akiba yake kubwa ya pembe. Mwaka huohuo alikutana na mmisionari na mpelelezi David Livingstone, akamsaidia katika safari zake.

Vita vya Itabwa vilionyesha namna biashara yake ilivyokuwa ikienda. Nsama alikuwa na watu wengi zaidi. Tippu Tip alikuwa na bunduki zilizotoka ng'ambo kupitia forodha ya Zanzibar.

Biashara iliyosimama juu ya mkopo na baruti

Ili msafara uondoke pwani, ulihitaji bidhaa za kubadilishana: vitambaa vya merikani, shanga, nyaya za shaba, bunduki na baruti. Karibu vyote viliingizwa kwa meli kutoka Ulaya, Marekani na India. Wachache walikuwa na fedha taslimu za kuvinunua, kwa hiyo wafanyabiashara walichukua mali kwa mkopo kutoka kwa matajiri wa Kihindi wa Unguja.

Kwa Tippu Tip, tajiri huyo alikuwa Taria Topan, aliyewahi pia kusimamia forodha ya Sultani. Taria alitoa mali, Tippu Tip akaingia bara, na deni likalipwa kwa pembe miaka kadhaa baadaye.

Safari yake ya tatu ilichukua takriban miaka 12, kuanzia mwaka 1870 hivi hadi 1882. Katika nchi ya Utetera, magharibi mwa Mto Lualaba, alijitambulisha kuwa ni ndugu wa damu wa mtawala wa huko, akakubaliwa na kukabidhiwa madaraka. Baadaye akaweka makao Kasongo, katika Maniema. Mwaka 1876 alikutana na Henry Morton Stanley, wakaingia mkataba wa kumsindikiza mzungu huyo kuelekea kaskazini kando ya mto. Waliachana Desemba mwaka huo, Stanley akaendelea kushuka na mto hadi Bahari ya Atlantiki.

Kusindikiza kule kulimpa Stanley ramani, na ramani hiyo ndiyo iliyokuja kumpa Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji njia ya kufika katikati ya Afrika kutoka magharibi. Tippu Tip alikuwa ameshiriki kumfungulia mlango mshindani wake mkubwa.

Kwa wenyeji, biashara hii ilikuwa na sura nyingine. Vijiji vilichomwa, watu walitekwa na wengine kukombolewa kwa pembe, na maelfu walibebeshwa mizigo hadi pwani bila hiari yao. Pembe zilizomtajirisha tajiri wa Unguja zilitoka katika misitu yao, na bei waliyolipwa mara nyingi ilipangwa na mwenye bunduki.

Maporomoko yanayokutanisha njia mbili

Kisangani ipo mahali ambapo Mto Kongo unaacha kupitika kwa meli. Ukitoka Kinshasa, chombo kinaweza kupanda mto kwa zaidi ya kilomita 1,700 mpaka kikutane na maporomoko ya mwisho kati ya saba, yale ambayo Wagenya wanavulia samaki kwa mitego yao ya miti hadi leo. Juu ya hapo kuna njia ya Lualaba kuelekea Maniema, Ziwa Tanganyika, Tabora na pwani ya Bahari ya Hindi.

Mahali hapo ndipo njia mbili za biashara zilipokutana. Desemba 1883, Stanley, aliyekuwa sasa akimtumikia Leopold, alianzisha kituo kidogo karibu na maporomoko, nacho kikaitwa Stanley Falls. Watu wa Tippu Tip na wafanyabiashara wengine wa Kiswahili walikuwa tayari katika eneo hilo.

Mwaka 1885, Mkataba wa Berlin uliweka kanuni za biashara katika bonde la Kongo. Ulisema biashara iwe huru kwa wote na ukakataza kutoza ushuru wa bidhaa zinazoingia kwa muda wa miaka 20. Katika mwaka huo Dola Huru ya Kongo ikatangazwa kuwa chini ya Leopold. Hakuna mtawala yeyote wa Kongo, wala mfanyabiashara wa Maniema, aliyekaa katika meza ya Berlin.

Agosti 1886 mgogoro ulizuka kituoni. Mwanamke mtumwa alikuwa amemtoroka bwana wake na kukimbilia kwa ofisa wa kituo, Mwingereza aliyeitwa Deane, ambaye alikataa kumrudisha. Kituo kilishambuliwa na kuteketea, naye Deane akakimbilia msituni. Tippu Tip hakuwepo wakati huo. Alikuwa katika safari ya kwenda Zanzibar.

Mkataba wa pauni 30 kwa mwezi

Alipofika Unguja alikuta dunia imebadilika. Makubaliano ya Uingereza na Ujerumani ya mwaka 1886 yalikuwa yamemwachia Sultani Barghash mwambao mwembamba wa maili 10 tu kwa upande wa bara. Sultani, ambaye Tippu Tip alimtazama kama mlinzi wake, hakuwa tena na uwezo wa kulinda njia za Tabora wala Maniema.

Februari 1887 Stanley alifika Zanzibar akiwa na pendekezo. Leopold, asiyekuwa na jeshi la kutosha kukitwaa tena kituo, alitaka Tippu Tip awe wali wa Stanley Falls kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwezi. Angepeperusha bendera ya Dola Huru, angezuia biashara ya watumwa katika eneo lake, na angekubali kukaa na ofisa wa Kizungu. Naye angeruhusiwa kuendelea na biashara yake binafsi.

Tippu Tip alikubali, baada ya Sultani kumshauri asikatae. Mshahara ule ulikuwa mdogo mno ukilinganisha na mapato yake ya pembe. Alichokitafuta ni kutambuliwa, ili biashara yake iwe na kinga ya sheria mpya badala ya kuwa nje yake.

Mkataba wa pili ulihusu wapagazi. Stanley alikuwa njiani kwenda kumwokoa Emin Pasha, gavana aliyezingirwa kusini mwa Sudan, na alihitaji wapagazi 600. Tippu Tip aliahidi kuwatoa, kwa makubaliano kwamba baruti yao itatolewa na Stanley. Wote wawili walipanda meli moja, wakazunguka Rasi ya Tumaini Jema na kuingia Kongo kupitia mdomo wa mto. Juni 1887 wali mpya akafika kituoni kwake.

Baruti ambayo haikufika

Utata ulianza mara moja. Kwa maelezo ya Tippu Tip, baruti aliyoahidiwa haikuletwa, hivyo hakuona sababu ya kutoa watu kwa wakati. Stanley alitangulia na kuacha kikosi cha nyuma Yambuya, kando ya Mto Aruwimi, kikisubiri wapagazi hao. Kikosi kilikaa kambini karibu mwaka mzima, na wengi walikufa kwa njaa na maradhi.

Wapagazi wapatao 400 walipatikana Juni 1888. Mwezi uliofuata mkuu wa kikosi, Meja Barttelot, aliuawa kwa risasi na mmoja wa watu wa msafara. Habari hizo zilipofika Ulaya zilizua kelele kubwa, na Stanley akaelekeza lawama nyingi kwa Tippu Tip.

Desemba 1889, baada ya kurudi pwani, Stanley alifungua madai Zanzibar mbele ya mahakama ya ubalozi wa Uingereza. Alidai pauni 10,000 kwa kuvunjwa kwa mkataba. Hatua iliyouma zaidi ilikuwa ya pili: fedha zilizolipwa na Dola Huru kwa ajili ya pembe za Tippu Tip, zilizokuwa mikononi mwa wakala wake wa Kihindi, zilizuiwa zisitoke hadi shauri liamuliwe.

Kwa mfanyabiashara aliyeishi kwa mkopo, hilo lilikuwa pigo kubwa. Fedha ikizuiwa, deni la zamani halilipwi, na bila kulipa deni la zamani hakuna mali mpya. Alimwachia mpwa wake Rashid bin Muhammed kituo cha Stanley Falls, akaondoka. Aliugua vibaya njiani, Unyanyembe, na alifika Zanzibar Julai 1891. Kesi hatimaye iliachwa bila hukumu dhidi yake. Lakini kwa kuwa mbali na biashara yake, alikwisha kupoteza zaidi ya kile alichodaiwa.

Marufuku ya silaha

Wakati kesi ikiendelea, milango ilikuwa ikifungwa pande zote mbili za bara.

Upande wa mashariki, vita vya Abushiri dhidi ya Wajerumani vilivuruga njia za misafara mwaka 1888 na 1889. Desemba 1888 manowari za Uingereza na Ujerumani zilianza kuziba pwani, zikizuia watumwa kutoka na silaha kuingia. Hatua hiyo ilidumu hadi mwishoni mwa mwaka 1889.

Kisha ukaja mkutano wa Brussels. Azimio lake la Julai 2, 1890 lilipiga marufuku kuingiza bunduki za kisasa kwa biashara katika eneo kubwa la Afrika, kati ya nyuzi 20 kaskazini na nyuzi 22 kusini mwa Ikweta. Bunduki za kizamani za gumegume na baruti ya kawaida ziliweza kuruhusiwa mahali fulani, lakini chini ya maghala na vibali vya serikali. Serikali zenyewe zilibaki na haki ya kuwapa silaha askari wao.

Lengo lililotangazwa lilikuwa kukomesha biashara ya watumwa, na ni kweli kwamba bunduki ndizo zilizowezesha mateko katika Maniema. Hata hivyo, aliyesimama kwenye lango kuamua nani apate silaha alikuwa pia mshindani katika soko la pembe. Askari wa Leopold walipokea bunduki za Albini zinazojazwa risasi kwa nyuma. Watu wa Rashid na wenzake walibaki, kwa sehemu kubwa, na za kujaza kwa mdomo.

Azimio hilo lilikuwa na kiambatisho. Dola Huru iliruhusiwa sasa kutoza ushuru wa hadi asilimia 10 kwa bidhaa zinazoingia, jambo ambalo Berlin ililikataza miaka mitano tu iliyopita. Sababu iliyotolewa ilikuwa gharama za kupambana na utumwa.

Hatua ya mwisho ilikuja Septemba 21, 1891. Kwa amri ya siri, Leopold aliwaagiza maofisa wake kuhakikisha pembe na mpira wa maeneo makubwa ya mto vinaingia mikononi mwa dola. Biashara huru ya Berlin ikawa ukiritimba. Mfanyabiashara aliyekuwa na pembe zake, alizonunua kwa mtaji wake, aligeuka mtuhumiwa wa kuchukua mali ya serikali.

Mwisho wa biashara

Dola Huru ilikuwa imejiandaa kwa kujenga kambi ya Basoko mwaka 1889 na ya Lusambo mwaka 1890. Vita vilizuka mwaka 1892. Machi 1893 Nyangwe ikatekwa, na Aprili ikafuata Kasongo, mji wa Tippu Tip mwenyewe. Mei mwaka huo Rashid alishindwa Stanley Falls baada ya askari kupanda mto kutoka Basoko. Oktoba, Sefu, mtoto wa Tippu Tip, aliuawa vitani. Mapema mwaka 1894 Muhammed bin Khalfan, aliyeitwa Rumaliza, mshirika wa zamani wa Tippu Tip, alikimbilia upande wa Wajerumani.

Pembe ambazo zamani zilibebwa mabegani hadi Bagamoyo sasa zilishuka mto kwa meli hadi baharini, na kutoka huko zikaenda Antwerp, uliokuwa ukikua kuwa soko kubwa la pembe duniani. Katika Unguja, matajiri waliokopesha misafara ya Maniema walipoteza njia ile.

Wenyeji hawakupata nafuu waliyoahidiwa. Kazi ya kulazimishwa, hasa ya kukusanya mpira, iliwaletea mateso mapya, na malalamiko ya kimataifa yalimlazimisha Leopold kuiachia nchi serikali ya Ubelgiji mwaka 1908.

Tippu Tip aliishi Zanzibar akiwa bado tajiri mwenye mashamba na nyumba kubwa katika Mji Mkongwe. Hata huko hakuepuka mahakama, kwani yeye na Rumaliza waligombana kuhusu hesabu za ushirika wao wa zamani. Alisimulia maisha yake kwa Kiswahili, na Mjerumani Heinrich Brode akayachapisha Berlin mwanzoni mwa miaka ya 1900. Kitabu hicho ni miongoni mwa tawasifu za kwanza kuchapishwa kwa Kiswahili. Alifariki dunia Juni 1905 kwa malaria.

Kutoka pembe hadi chipu

Mwaka 2007, tume ya biashara ya kimataifa ya Marekani ilipiga marufuku kuingiza nchini humo aina mpya za simu zenye chipu fulani za Qualcomm, baada ya kuona zimevunja hataza ya kampuni ya Broadcom. Watengenezaji wa simu ambao hawakuwa wameshitakiwa walijikuta bidhaa zao ziko hatarini kuzuiwa forodhani. Mwaka 2008 mahakama ya rufaa iliondoa marufuku hiyo kwa simu za kampuni hizo nyingine. Hata hivyo, mwaka 2009 Qualcomm ilikubali kuilipa Broadcom dola milioni 891 ili kumaliza migogoro yao.

Tofauti ni kubwa. Hataza hulinda uvumbuzi na hupingwa mahakamani, wakati amri ya Leopold ilitolewa kwa siri na kutekelezwa kwa bunduki. Kinachofanana ni njia ya kumbana mshindani: kesi hushika fedha na muda wake, na marufuku hufunga lango ambalo hawezi kulizunguka. Mara nyingi hulazimika kukubaliana kabla hukumu ya mwisho haijatoka.

Stanley Falls ilikua ikawa Stanleyville, na mwaka 1966 ikapewa jina la Kisangani. Kilingala kilipanda mto kutoka magharibi, na Kiswahili kilikuja na misafara ya mashariki. Vyote viwili vinasikika sokoni hadi leo. Hilo ndilo lililobaki la njia ya Tippu Tip katika mji huo, ambao pembe zake na mpira wake viliondoka kwa mikataba iliyoandikwa Berlin, Brussels na Zanzibar, pasipo wakazi wake kuulizwa.